Jibu: Kazi ya meli za utalii. Huyo komisionere usimpe hata dola moja

Simama hapo hapo. Ijumaa usitume kitu.

Mdogo wangu wa Bukavu, umeuliza mambo sita: kwa nini meli ya ghorofa 20 haipinduki, mashua za kuokolea zinatosha watu wote au ni pambo, dhoruba ikija inakuwaje, kama kuna daktari ndani, mtu akifia safarini anawekwa wapi, na maji ya choo yanakwenda wapi. Halafu mwishoni kabisa, kwa sauti ya chini, ukadokeza kwamba kuna komisionere, dalali wa ajira, amekuahidi kazi ya kuhudumia meza kwenye meli hizo, na anataka dola 450 za "kufungua faili" kabla ya Ijumaa. Hilo ndilo swali lako, hata kama hukuliwekea alama ya kuuliza.

Walionitangulia kukujibu hapa jukwaani wamekuandikia "Mungu akutangulie" na "ukifika usitusahau". Mimi baraka sina. Nina hii tu: anayetafuta kazi ya meli halipii kupewa kazi. Si faili, si "kushikiwa nafasi", si shukrani ya patro, yaani bosi. Kuna Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, wa Shirika la Kazi Duniani, ulioanza kutumika Agosti 2013, na wahudumu wa meza nao wanahesabiwa humo kuwa mabaharia. Mkataba huo unasema wakala hamtozi baharia ada ya kumtafutia kazi, iwe ya wazi au ya kuzungushwa. Unachoweza kujigharamia ni cheti cha daktari, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza? Mwenye meli. Tiketi ya kurudi nyumbani kontra (mkataba wako wa kazi) ikiisha? Mwenye meli, na haruhusiwi kukudai pesa ya tiketi hiyo mapema.

Hiyo sentensi ya mwisho isome tena, maana ndiyo iliyonila mimi.

Komisionere wangu mimi alikuwa na biro, yaani ofisi, hapa Goma, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la simu. Ukutani alibandika picha ya meli kubwa kuliko mlango. Kila kikao tulianza kwa sala, tena ndefu, nami nikafumba macho vizuri kabisa wakati mwenzangu yuko macho. Na usidhani alinidanganya kuhusu meli. Alinisimulia maajabu ya kweli: meli ya urefu wa mita 365, mabwawa saba ya kuogelea, abiria na wafanyakazi wakijaa wanakaribia elfu kumi. Nilikwenda baadaye kwenye intaneti, nikakuta kweli ipo, Icon of the Seas, ilianza kazi Januari 2024. Basi nikasema mtu anayejua hivi hawezi kuwa mwongo. Haya maswali yako mazuri yote sita, nahisi naye ndiye aliyeyapanda kichwani mwako.

Nililipa faili. Nikalipa vipimo vya daktari, ambaye alinipima presha juu ya shati. Nikalipa viza ya mabaharia ya Marekani bila kukanyaga ubalozini wala kuulizwa jina langu na mzungu yeyote. Nikalipa "kozi ya usalama": tulikaa vijana kwenye chumba cha nyumba ya wageni, tukaangalia video ukutani, tukapewa cheti na soda. Habari ya hiyo kozi nitaigusa tena.

Zote hizo zilikuwa makombo. Iliyonimaliza iliitwa "garanti ya tiketi ya kurudi". Alinieleza kwa utulivu: kampuni inaogopa vijana wa Kongo watatorokea Miami, kwa hiyo kila mmoja anaacha garanti, akimaliza kontra anarudishiwa yote na kitu cha juu. Nikaona ni busara! Nikamsifu hata yeye kwa uaminifu wake, eti anajua vijana wetu walivyo. Nikauza pikipiki. Wanaoijua Goma wanajua kwetu pikipiki ni shamba linalovunwa kila jioni. Nikauza kwa haraka, kwa bei ya mtu mwenye haraka, nikabeba bahasha hadi pale juu ya duka la simu, akahesabu noti, zile zenye alama ya kalamu au zilizochanika kidogo akanirudishia akitaka nibadilishe. Mwizi anayekataa noti mbovu! Na mimi nikaenda kubadilisha, nikarudi mbio nisichelewe.

Aliyeinunua bado anafanya nayo kazi upande wa Birere. Siku moja nilimpungia motari mkono, nikapanda, ndipo nikagundua nimekalia kiti nilichokishona mwenyewe. Nikalipa nauli na nikamwambia abaki na chenji. Cheka tu, nimeshazoea.

Nikapanda basi, Kigali, Kampala, mpaka Mombasa, na barua ya kuripoti mfukoni. Mlinzi wa geti la bandari akaisoma, akaigeuza, akamwita mzee mmoja aliyekuwa anapita, baharia wa zamani. Mzee akatazama cheti changu cha kozi.

"Umefundishwa, mwanangu?"

"Ndiyo, mzee."

"Ukisikia honi saba fupi na moja ndefu, unafanya nini?"

Nikajibu bila kusita: "Nafungua kamba, meli inaondoka."

Mlinzi alicheka mpaka akaegemea geti. Mzee hakucheka. Alilowesha kidole gumba kwa mate, akasugua muhuri wa kwenye barua, akanionyesha kidole: kisafi, hakuna hata doa la bluu. Muhuri haukugongwa, ulichapishwa pamoja na maneno. Ndipo akanieleza kwamba honi saba fupi na moja ndefu ni ishara ya dharura, ile ya kwanza kabisa ambayo hata abiria wa siku moja anaambiwa, na kwamba mtu asiyeijua hapandi meli kufanya kazi hata ya kumenya viazi.

Sasa hapa ndipo maswali yako ya usalama yanapoingia, usidhani nimeyatupa. Komisionere anakuambia unakwenda kubeba sahani. Uongo. Kwenye meli ya abiria kila mfanyakazi ana kazi ya pili iliyoandikwa kwenye orodha ya dharura: mhudumu wa meza, mfua mashuka, mcheza muziki. Honi ikilia, yule aliyekuletea supu ndiye anayesimama kwenye kituo cha kukusanyikia, anahesabu watu na kuwavalisha jile, zile fulana za kuelea. Ndiyo maana kuna mafunzo ya msingi yanayotambuliwa dunia nzima: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wako na wa wenzako kazini. Kujiokoa majini maana yake unaruka bwawani na jile mwilini na unapindua boya la kujaza hewa lililogeuka chini juu. Kuzima moto maana yake moto wenyewe, na moshi. Sisi kwenye ile nyumba ya wageni maji pekee tuliyoyaona yalikuwa ya chupa, na ziwa zima la Kivu liko hapo chini linatuangalia!

Kama unataka kozi ya kweli, jilipie mwenyewe, chuoni, risiti ya chuo mkononi. Mombasa kuna Bandari Maritime Academy. Hiyo ni ada ya shule, si ada ya ajira, na komisionere hana mkono humo.

Na mazoezi si mchezo wa kuigiza. Usiku wa tarehe 13 Januari 2012, Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, ikiwa na watu 4,229. Mamia waliopanda jioni ile ile Civitavecchia walikuwa hawajafanya zoezi la dharura, kwa sababu sheria ya wakati ule iliruhusu lifanywe ndani ya saa 24. Walikufa 32. Nahodha Francesco Schettino, aliyeondoka melini watu wakiwa bado ndani, alihukumiwa miaka 16. Tangu Januari 2015 abiria wapya hufanya zoezi kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Jiulize: dunia iliyobadilisha sheria kwa saa chache za abiria, itampokea mfanyakazi aliyefundishwa kwa video na soda?

Mashua za kuokolea, ndiyo, zinatosha na kubaki. Titanic mwaka 1912 ilikuwa na nafasi 1,178 za mashua kwa watu zaidi ya 2,200, na kutokana na msiba ule ukazaliwa mkataba wa kwanza wa usalama wa baharini, 1914. Leo meli ya abiria ya safari ndefu lazima iwe na nafasi, mashua pamoja na maboya ya kujaza hewa, kwa watu wote na robo nzima juu yake, maana meli ikilala upande mmoja huenda mashua nyingine zisishuke. Na amri ya kuiacha meli ikitoka, watu wakiwa wamekusanyika na wamevaa jile, mashua zote ziwe zimeshuka na kuondoka ndani ya dakika 30. Linganisha na bato zetu, boti za hapa ziwani, ambapo abiria ambaye hayumo kwenye orodha amekaa juu ya magunia ya makaa na jile zimefungwa kwa kamba juu ya paa. Tarehe 3 Oktoba 2024 sote tuliona yaliyotokea Kituku, bandari ya hapa Goma, boti ilipopinduka, tena nchi kavu ikionekana kwa macho. Tunaoishi kando ya ziwa hatuna haja ya kuelezwa sana.

Kupinduka: vitu vizito viko chini, injini, mafuta, matangi ya maji, na ghorofa za juu hujengwa kwa vyuma vyepesi. Inatisha kwa macho tu. Kuna na mapezi yanayotokeza pembeni chini ya maji kupunguza kuyumba. Dhoruba nahodha huiona mapema kwenye taarifa za hali ya hewa, akaizunguka. Wanachokiogopa zaidi mabaharia, kwa alivyonieleza yule mzee, ni moto, ndiyo maana ukipanda na pasi ya nguo au mshumaa unanyang'anywa mlangoni.

Ya daktari, ya maiti na ya choo yangoje siku nyingine, tusihame kwenye hoja. Najua atakachokuambia: "Huyo wa jukwaani ana wivu, alikosa bahati." Wangu naye alinionya kuhusu watu wenye wivu. Atakuambia pia nafasi zimebaki mbili. Kwa wangu zilibaki mbili tangu nilipomfahamu hadi alipofunga biro.

Leo mwandikie, kwa maandishi, usimpigie: jina la kampuni ya meli, jina la meli, na aandike wazi dola 450 ni za nini. Ukipata majina, itafute wewe mwenyewe anwani ya kampuni, uwaulize moja kwa moja kama wanamfahamu. Usitumie namba atakayokupa yeye. Akijibu "njoo bironi tuongee kama ndugu", baki nyumbani.

Na kitu kimoja hukukisema ila nakihisi: pasipoti yako iko kwake, sivyo? Nenda kaichukue kesho asubuhi, na usiende peke yako. Nenda na mama yako mzazi na dada zake kama wapo karibu. Hao watu polisi hawawaogopi, lakini mama watatu waliokaa kwenye benchi la biro na hawana haraka ya kuondoka, wanawaogopa.