Usikiguse kitufe cha riseti eti kwa sababu ukurasa wa swichi haufunguki

Toa hiyo pini kwenye kitundu! Umesema swichi yako ya poti 24 (kifaa kinachounganisha vifaa vya mtandao kwa nyaya) inapitisha data vizuri, ila ukurasa wake wa usimamizi, ule wa mipangilio unaofunguliwa kwenye kivinjari, haufunguki, na kuna mtu kakwambia ubonyeze riseti sekunde 10. Ushauri huohuo nilipewa na fundi, nikaufuata, na bado unaniuma. Watu wanaousambaza wanaharibu mitandao ya wenzao.

Riseti haitengenezi ukurasa, inafuta kila kitu. VLAN zote (mitandao midogo uliyoitenganisha ndani ya swichi) zinapotea, poti zote zinarudi VLAN 1, na ile trunki (waya mmoja unaobeba VLAN nyingi) ya kwenda kwenye ruta haijui tena VLAN zako. Simu na kamera ulizozitenga zinakosa anwani. Baya kuliko yote: kama kuna nyaya mbili zilizounganishwa kuwa njia moja kwenda swichi nyingine, muungano huo unavunjika na nyaya zinageuka kitanzi, data inazunguka bila kikomo. Swichi ambazo STP (kinga ya kuzuia vitanzi) huja imezimwa kutoka kiwandani hazitakikata. Utaona taa zote zinapepesa kwa kasi moja, na mtandao mzima umelala.

Data hupitishwa na chipu maalumu, ukurasa huendeshwa na prosesa ndogo ya pembeni. Ukurasa ukifa, swichi haijafa.

Zima Wi-Fi, chomeka laptop moja kwa moja kwenye swichi, jipangie anwani mwenyewe. Swichi ikiwa 192.168.0.1, wewe weka 192.168.0.50, maski 255.255.255.0, kisha piga pingi (amri ya ping, ya kuona kama swichi inajibu). Ikijibu, mtuhumiwa wa kwanza ni kivinjari: andika http:// mwanzoni, halafu https://. Swichi za zamani zinatumia TLS 1.0 (toleo la zamani la ulinzi wa https), na vivinjari vya leo vinaikataa. Isipojibu, andika amri arp -a kwenye laptop uone kama MAC (namba ya utambulisho wa kifaa) ya kwenye kibandiko cha swichi imetokea. Haipo? Huenda poti uliyochomeka haimo kwenye VLAN ya usimamizi, hamia nyingine. Kisha itafute MAC hiyo kwenye orodha ya DHCP ya ruta (anwani ambazo ruta imegawa), maana swichi inaweza kuwa imepewa anwani mpya bila wewe kujua. Kama ina poti ya konsoli (ya kuisimamia swichi kwa waya bila kupitia mtandao), ingia huko kwa kasi ya biti 9600 au 115200 kwa sekunde kulingana na modeli.

Kuzima na kuwasha umeme kunaweza kuizindua prosesa iliyoganda, lakini mabadiliko ambayo hayakuhifadhiwa yataondoka na umeme. Fanya hivyo mwishoni, watu wakiwa hawapo kazini.

Ukurasa ukifunguka, usibadilishe chochote kwanza. Pakua faili la mipangilio, liweke kwenye kompyuta nyingine, na kwenye jina lake andika toleo la programu ya swichi, kwa sababu toleo jingine linaweza kulikataa. Faili hilo likiwa mkononi, hapo ndipo riseti unaweza kubonyeza, kama bado unaihitaji.