Mwanafunzi wa sanaa anayeanza kuchora kidijitali: anza na mchoro wako wa penseli, tableti itafuata

Mdogo wangu, nimesoma swali lako lote. Uko mwaka wa kwanza wa sanaa, mkono wako wa penseli unasifiwa darasani, una kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 4, na unataka kujua ununue tableti gani ya kuchorea, uweke Photoshop au programu nyingine, na kama penseli sasa ndiyo basi tena. Wadau wamekujibu kwa majina ya vifaa na bei za Kariakoo. Mimi nachora picha za vitabu vya watoto na njia hiyo niliianza nikiwa chuoni kama wewe, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu. Usinunue kitu bado. Chukua mchoro wako mzuri kuliko yote, uingize kwenye kompyuta, uusafishe, uupake rangi, kisha uupeleke ukachapwe. Ukiumaliza mzunguko huo mara moja, kutoka karatasi hadi karatasi, utakuwa umegusa karibu kila kitu kinachofundishwa kwenye kozi za kulipia, na utakuwa umekigusa kwa kazi unayoipenda.

Kuhusu programu sitakaa sana. Adobe ilitangaza mwaka 2013 kwamba matoleo mapya ya Photoshop yatakuwa ya kulipia kwa usajili badala ya kununua mara moja, na zile Photoshop za kuvunjwa zinazopitishwa kwenye flashi mara nyingi huja na virusi. Weka Krita kwa kuchora na GIMP kwa kuhariri picha. Zote ni bure kihalali. Ukipewa faili la PSD (aina ya faili ya Photoshop) na mwenzako, Photopea hulifungua ndani ya kivinjari bila kuweka chochote kwenye mashine. Kama kompyuta imeharibika, ibisPaint kwenye simu inatosha kujifunzia rangi na leya, yaani tabaka za picha zinazolaliana. Kanuni nitakazokueleza ni zilezile kwenye programu zote, vitufe tu ndivyo vinavyohama.

Sasa mchoro wenyewe. Piga picha karibu na dirisha, kivulini, bila flashi. Simu iwe sambamba na karatasi, na usiisogeze karibu sana, maana lenzi pana ya simu huvimbisha katikati na kupinda kingo. Rudi nyuma kidogo, kuza kidogo, ndipo upige. Kama mchoro ni wa A4, skana ya steshenari ni bora zaidi, ila mwambie mhusika akutolee kwa nukta 300 kwa inchi na akuhifadhie kama PNG au TIFF. Usipomwambia atakupa PDF iliyobanwa, na kubanwa huko huacha vumbi kuzunguka kila mstari.

Ukiifungua picha utaona karatasi yako nyeupe imekuwa ya kijivu. Hapo ndipo somo la kwanza la kuhariri lilipo, na ni somo la mwanga na giza lilelile unalofundishwa kwa mkaa. Fungua amri iliyoandikwa Levels. Utaona kilima: upande wa kushoto ni giza la picha yako, wa kulia ni mwanga, na urefu wa kilima ni wingi wa pikseli (vijiraba vidogo vinavyounda picha) katika kila kiwango. Picha iliyopigwa ndani ya nyumba huwa imerundikana katikati. Sogeza kipini cha kulia hadi kiguse kilima cha karatasi, na cha kushoto hadi kiguse penseli iliyokolea. Karatasi itakuwa nyeupe, mstari utakuwa mweusi. Usivute kwa pupa, ule mkwaruzo mwepesi wa penseli ngumu ndio wa kwanza kupotea, na mara nyingi ndio wenye uhai wa mchoro.

Kuna tatizo ambalo Levels peke yake haiwezi kulitatua: kona moja ya karatasi ina kivuli cha mkono wako na nyingine ina mwanga wa dirisha. Nakili leya ya mchoro, ile nakala ya juu ifanye iwe na ukungu mzito mpaka mistari yote iyeyuke, kisha badilisha hali yake ya kuchanganyika na leya ya chini iwe Divide. Karatasi nzima inasawazika mara moja, kwa sababu kila pikseli inagawanywa kwa mwanga wa mahali pake. Njia hii inafaa michoro ya mistari. Mchoro wenye eneo kubwa lililokolezwa kivuli utapauka, kwa hiyo huo upitishe kwenye skana tu.

Mistari ikiwa safi, iweke leya ya juu kabisa na uipe hali ya Multiply. Nyeupe yote inakuwa kama haipo, mistari inabaki, na wewe unapaka rangi kwenye leya zilizo chini yake bila kuugusa mchoro. Mimi huanza na rangi bapa: leya moja ya ngozi, moja ya nguo, moja ya mandhari. Ukitumia kopo la kumwaga rangi utakuta uzi mweupe umebaki kando ya kila mstari, maana kingo za penseli ni laini na kopo linasimama kabla ya kuufikia mstari. Kwenye mipangilio ya kopo kuna sehemu ya kupanua eneo lililochaguliwa, iongeze pikseli moja au mbili, rangi itaingia chini ya mstari. Vivuli vikae kwenye leya yao wenyewe, iliyobanwa isivuke rangi bapa ya chini.

Na tafadhali, jizoeze maski kabla hujazoea kifutio. Maski ni picha ya nyeusi na nyeupe inayofungwa kwenye leya: penye nyeusi leya haionekani, penye nyeupe inaonekana, penye kijivu inaonekana nusu. Ukifuta, kimeondoka. Ukificha kwa maski, kesho mteja akisema "hapana, rudisha ile mikono mirefu", unapaka nyeupe na mikono inarudi. Kazi ya vitabu ni kubadilishiwa maneno kila wiki, na anayelipwa bila kuumia ni yule aliyechora kwa namna inayoruhusu kurudi nyuma. Sambamba na hilo, hifadhi matoleo yenye namba. Krita ina Ctrl+Alt+S inayofanya hivyo yenyewe, nayo ni rafiki mkubwa kwa nchi yenye umeme wa kukatika.

Kuhusu RAM yako, usikate tamaa, piga hesabu. A4 kwa nukta 300 ni pikseli 2480 kwa 3508. Kila pikseli hutumia baiti 4, kwa hiyo leya moja iliyojaa ni kama MB 35. A3 ni mara mbili yake, karibu MB 70. Mashine ya GB 4 ikishatoa mgao wa mfumo na kivinjari, bado inabeba A4 yenye leya za kutosha. Funga kivinjari, unganisha leya ulizozimaliza kabisa, na usichore bango la ukutani kwa nukta 300, maana bango linatazamwa kwa mbali na nukta 100 kwa inchi zinalitosha.

Nije kwenye jambo ninalolijali kuliko yote: rangi ya ngozi zetu. Mafunzo mengi ya video yanaanza na ngozi ya Kizungu, na mwanafunzi wetu akichora bibi yake anachukua kahawia, kivuli anaongeza nyeusi, mwanga anaongeza nyeupe. Uso unatoka kama udongo mkavu. Ngozi nyeusi hung'aa, na mng'ao ule hubeba rangi ya chanzo cha mwanga. Mtu aliyesimama nje mchana, paji la uso na mfupa wa shavu vina ubuluu wa anga. Aliyekaa karibu na taa ya chemli ana rangi ya chungwa mahali palepale. Kivuli nacho kisogeze upande wa wekundu au zambarau iliyoiva, kisiwe giza tupu. Zoezi lake ni rahisi: piga picha ndugu yako kwa mwanga wa dirisha, ifungue, chukua rangi ya paji, shavu, pembeni mwa pua, chini ya kidevu na sikio, uzipange kama madoa kwenye kona ya turubai. Utashangaa sikio lilivyo jekundu na chini ya kidevu palivyo na rangi ya shati lake.

Hilohilo lipo kwenye kuhariri picha. Kamera hukadiria mwanga kwa kuangalia fremu nzima, ndiyo maana mtu mweusi aliyesimama mbele ya ukuta mweupe anatoka giza. Ukiinua mwanga wa picha yote, ukuta unaungua, unabaki weupe mtupu. Weka leya ya kichujio ya Curves (hubadilisha mwanga wa leya zilizo chini yake kwa kupinda mstari), inua mwanga kwa kiasi, jaza maski yake nyeusi, kisha paka nyeupe usoni tu kwa brashi laini. Kwenye GIMP, toleo la 3.0 la mwaka 2025 limeruhusu vichujio kubaki hai juu ya leya na kurekebishwa baadaye, zamani ukishakubali ilikuwa imekwisha. Lengo ni kuuona uso, macho na mikunjo yake. Vichujio vya urembo vya simu hufanya kitu kingine, huchubua mtu. Mteja akiniomba nimfanye bibi harusi awe mweupe, namwonyesha kwanza picha iliyosawazishwa mwanga vizuri, na karibu kila mara anaichagua hiyo.

Ukitaka kujua kama picha yako inasimama, weka leya ya juu kabisa iliyojaa kijivu, uipe hali ya Color. Rangi zote zinatoweka na unabaki na mwanga na giza tu. Kama uso na mandhari vimekuwa kijivu kimoja, rangi nzuri hazitaokoa kitu. Washa na uzime leya hiyo mara kwa mara unapochora.

Zoezi la pili ninalokupendekezea ni kanga. Kanga ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina. Chagua rangi tatu tu na ujikataze ya nne. Pindo ni kipande kinachojirudia: kwenye Krita bonyeza W, turubai inageuka kuwa vigae visivyo na mwisho, na unachokichora ukingo wa kulia kinatokea kushoto. Utajifunza nafasi, mrudio na uzito wa maumbo kwa haraka, na jina litakulazimisha kupanga herufi. Herufi hizo na maumbo yenye kingo kali yafanye Inkscape, ambayo ni ya vekta, yaani huhifadhi umbo kama mistari badala ya pikseli, kwa hiyo unaweza kulikuza umbo hadi ukubwa wa doti halisi bila kuchakaa.

Sasa tableti. Ukishaupita mzunguko wa kwanza kwa kipanya, utajua kama unaihitaji, nami nadhani utaihitaji, maana kipanya hakihisi mkandamizo wa mkono. Chukua ndogo isiyo na kioo, ya Huion, XP-Pen au Wacom, yenye kalamu isiyotumia betri. Usilipie zaidi kwa sababu ya viwango 8192 vya mkandamizo, mkono wa binadamu hauoni tofauti hiyo. Muhimu ni kuhakikisha eneo la tableti lina uwiano sawa na kioo chako, la sivyo ukichora duara litatoka yai. Wiki za mwanzo jicho liko kwenye kioo na mkono mezani, na mistari itakuwa hovyo. Chora mistari mirefu kwa bega, punguza msaada wa programu wa kulainisha mstari kadiri unavyozoea. Na penseli haiishi. Mimi hadi leo nasaka mkao wa mtu kwenye daftari, kwa sababu kwenye karatasi sina kitufe cha kurudi nyuma na huamua haraka zaidi.

Mwisho wa mzunguko ni kuchapa. Kioo kinatoa mwanga kwa nyekundu, kijani na buluu, mashine inachapa kwa samawati, majenta, njano na nyeusi. Kijani kikali cha kioo na buluu ya umeme havimo kwenye wino, vitafifia. Krita inakuruhusu kufanya kazi ndani ya CMYK, yaani wino hizo nne, moja kwa moja, au utazame kabla namna itakavyotoka. Ongeza milimita 3 kila upande za kukatia, vinginevyo kisu kikiyumba utapata uzi mweupe ukingoni. Maneno madogo yawe nyeusi peke yake, yasichanganywe wino nne. Kabla ya kuchapa nakala nyingi, lipia karatasi moja ya majaribio, ipeleke juani ukaitazame, rudi urekebishe. Vivuli vya ngozi ndivyo vinavyojaa wino na kuziba kwanza, kwa hiyo viinue kidogo kuliko kioo kinavyokuambia.

Ukishaupiga picha mchoro wako, uweke hapa bila kuugusa, pamoja na ule uliousafisha. Nitakuonyesha pa kusogeza vipini.