Baada ya kukatwa kongosho, tumbo kutouma si sababu ya kuacha omeprazole

Mkuu, umeuliza kama mzee wako aliyefanyiwa Whipple (operesheni ya kukata kichwa cha kongosho) anaweza kuacha omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni, kwa kuwa tumbo haliumi na amechoka kumeza vidonge. Mimi si daktari, nauza spea mtaa wa Gerezani, Dar, ila operesheni hiyo ninayo mwilini na ujinga huo niliufanya. Ulinigharimu chupa 3 za damu.

Nilivyoeleweshwa baadaye ni hivi. Juisi ya kongosho ina asili ya magadi, hupoza asidi inayoshuka kutoka tumboni. (Usimnyweshe mzee magadi, tafadhali, mtaani kwetu wapo wanaoshauri.) Kwenye Whipple wanaondoa kichwa cha kongosho, kifuko cha nyongo na ule mwanzo wa utumbo mdogo uliozoea asidi, kisha tumbo linaungwa na utumbo wa mbele ambao haukuizoea. Kongosho lililobaki huweza kutoa juisi kidogo. Kidonda kikija, hupenda kukaa palepale kwenye maungio, na kinaweza kukaa kimya hadi kivuje au kitoboke.

Changu kilikaa kimya. Mwezi wa 8 baada ya operesheni nilishanenepa, omeprazole nilishaitupa, na jioni kijiweni nilirudia sigara mbili tatu. Nikainua giaboksi, mgongo ukakaza. Duka la dawa la mtaani nikapewa diklofenaki, dawa ya maumivu. Dada hakuuliza, nami sikusema nimekatwa nini. Nikameza siku 5, nyingine tumbo tupu. Siku ya 6 choo kikawa cheusi kama lami, kinanata, kinanuka vibaya. Nikajipa moyo kwamba ni vile vidonge vya kuongeza damu, maana kweli navyo hutia choo weusi. Kesho yake nikaanguka kwenye foleni ya mwendokasi. Kipimo cha kamera kikakuta kidonda kwenye maungio.

Kwa hiyo asiache mpaka waliomkata waseme. Na anaimezaje? Wengi tunameza tukishashiba. Mimi niliambiwa nusu saa kabla ya kula, kidonge kizima bila kutafuna. Kama anatumia na vimeng'enya vya kongosho (dawa ya kusaidia kusaga chakula), hivyo vinaliwa pamoja na chakula, asivichanganye muda.

Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao asiziguse, hata sindano, kwa sababu madhara yake tumboni hupitia kwenye damu pia. Akiumwa mgongo, aanze na paracetamol kwa dozi yake. Mfundisheni kusema "nimekatwa kongosho" kabla hajataja anachoumwa. Sigara, ambayo nayo huchangia kidonda, ndiyo imenishinda kuliko vyote, sitakudanganya kwamba ni rahisi.

Ulizeni pia kama alipimwa H. pylori, bakteria wanaoweza kuleta vidonda vya tumbo. Akiwa nao hutibiwa kwa antibiotiki. Omeprazole inaweza kuficha majibu, hivyo kawaida husimamishwa wiki 2 kabla ya kipimo, lakini kwa mtu wa Whipple hilo aamue daktari wake, msilifanye nyumbani.

Choo cha lami, kutapika damu au kitu kama unga wa kahawa, au maumivu ya ghafla tumbo likakakamaa: hospitali saa hiyohiyo, hata usiku.

Halafu hukutaja, mzee anatumia aspirini ya moyo? Kama ndiyo, nayo ni ndugu wa diklofenaki, lakini asiiache kiholela. Nenda na vidonge vyake vyote kwenye mfuko, daktari avione.