Nyanya wa miaka themanini na watoto watano: Arboretum au Karura?

Dada, umeuliza pa kuwapeleka pikniki hapa Nairobi. Kwa kundi hilo ningeenda Arboretum, ile bustani ya miti ya State House Road. Karura naipenda zaidi, lakini ni msitu wa zaidi ya hekta 1,000, na kufika kwenye maporomoko ya maji ni mwendo ambao magoti ya nyanya hayatakushukuru. Arboretum ni kama hekta 30 tu. Unaingia, unatembea kidogo, unatandika leso chini ya mti mkubwa, na watoto wana nyasi za kukimbilia huku ukiwaona.

Shida yake ni tumbili. Hawaombi, wananyakua! Mwaka jana mmoja alitutoa chapati mkononi mwa mtoto kabla hajaing'ata. Chakula kikae kwenye vyombo vyenye vifuniko, mfungue mkiwa tayari kula, na msiwarushie hata ganda la ndizi, maana akipata mmoja wanakuja ukoo mzima.

Kabla ya kutandika, angalia chini kama kuna siafu, hasa mvua ikiwa imenyesha juzi. Pia kumbuka kivuli cha saa nne si cha saa nane, kwa hiyo kaa upande wa mashariki wa mti ili mchana kivuli kiwafuate. Nyanya mbebee kiti cha kukunja, asiketi chini.

Karura mpeleke siku ukiwa na vijana wenye miguu. Ila huko msibebe maji ya chupa za plastiki za kutupa, zilipigwa marufuku kwenye misitu na mbuga tangu Juni 2020.