Kwa Nini ORS na Zinki, Si Dripu

Swali la wiki: Kwa nini daktari wa watoto humruhusu mtoto anayeharisha arudi nyumbani na ORS (paketi ya chumvi na sukari ya glukosi ya kuchanganywa na maji ya kunywa) na zinki tu, bila dripu wala antibayotiki?

Kwa sababu kinachomuua mtoto huyo mara nyingi ni maji na chumvi zinazomtoka, na utumbo wake, hata ukiwa mgonjwa, bado unaweza kuzipokea zikipitia mdomoni. Chumvi na glukosi hufyonzwa pamoja na kuvuta maji. Ndiyo maana vipimo vya paketi haviguswi. Paketi ya lita moja ikikorogwa kwenye kikombe, chumvi huwa nyingi mno. Sukari ikiongezwa, maji huvutwa kurudi utumboni na kuhara huzidi.

Uamuzi wa dripu hufanywa kwa macho na mikono. Mtoto amechangamka, anahangaika, au amelegea? Macho yametumbukia? Akipewa maji anayapapia, au hawezi kunywa? Kisha daktari hufinya ngozi ya tumbo na kuiachia. Ikichukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, na mtoto amelegea, dripu haisubiri: mililita 100 kwa kila kilo, ndani ya saa 6 kwa aliye chini ya mwaka, saa 3 kwa aliyezidi. Kwa mwenye utapiamlo mkali kipimo cha ngozi hudanganya, na dripu ya haraka huweza kuuelemea moyo. Kwa hiyo, ili kuutambua utapiamlo huo, mkono hupimwa kwa utepe na miguu hubonyezwa kuona kama imevimba.

Walio katikati, yaani walioishiwa maji lakini si kwa kiwango cha dripu, hunyweshwa ORS palepale kituoni kwa saa 4, mililita 75 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 8 anahitaji mililita 600, yaani vijiko vya chai 120, kimoja kila dakika 2. Hapa ndipo tiba nyingi huharibika. Mtoto mwenye kiu akiachiwa kikombe hukigugumia, hutapika, na mama huona dawa imekataa. Akitapika, subiri dakika 10, uanze tena taratibu. Mhudumu anayekabidhi paketi dirishani bila kumwona mama akichanganya na kunywesha amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo nzito. Chupa mbili za maji za nusu lita zinatosha kupimia lita moja. Kinachobaki baada ya saa 24 kimwagwe.

ORS haizuii kuhara. Mama aambiwe hivyo mapema, la sivyo kesho yake atanunua dawa ya kufunga tumbo, ambayo mtoto hapaswi kupewa kabisa. Antibayotiki haina kazi kwa kuhara kwa kawaida, ambako mara nyingi huletwa na virusi. Choo chenye damu au shaka ya kipindupindu ni habari nyingine. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14. Wengi huiacha kuhara kukikoma, ilhali siku zilizobaki ndizo zinazompunguzia mtoto uwezekano wa kuharisha tena miezi 2 au 3 ijayo. Kunyonya na kula kuendelee.

Arudishwe kituoni mara moja akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akisinzia isivyo kawaida, akipata homa, au damu ikionekana kwenye choo.