Bodi ya 109 juu ya chesisi ya 110: pima kabla hujawasha grenda

Sisi wenye Land Rover za zamani hapa Arusha huulizana swali hilihili kila tukikutana: bodi bado nzima, chesisi imeliwa, tufanyeje? Bodi za gari hizi sehemu kubwa ni aloi ya alumini, kwa hiyo hazishiki kutu kama chuma. Chesisi, ile fremu ya chini inayobeba bodi, ni chuma, tena ni boksi lenye uwazi ndani, na tope likishaingia humo halitoki. Ndiyo maana unaikuta Land Rover 109 ya mwaka 1972 milango inafunga vizuri na madigadi yamenyooka, lakini ukigonga kule nyuma panapofungwa tela, nyundo inazama.

Yangu ilikuwa ya baba mkubwa, imebeba watu na mbuzi wa upande wa Longido miaka mingi. Kuitupa sikuweza. Nikapata Land Rover 110 yenye injini ya 300Tdi iliyokuwa imepinduka: bodi imelala, mitambo mizima. Bodi ya 109 ikakaa juu ya chesisi ya 110, na gari hilo linatembea hadi leo. Tangu hapo nimesaidia wenzangu kadhaa kufanya kazi kama hiyo, na msimamo wangu haujabadilika: kata bodi ukilazimika, kata vishikio (vyuma vinavyoshikilia bodi kwenye chesisi), lakini chesisi usiikate.

Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye kuchagua chesisi, na kipimo cha kwanza ni umbali wa ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Majina ya gari hizi ni inchi. 109 ni karibu sentimita 277, 110 ni karibu sentimita 279. Tofauti ni inchi moja tu, na inchi moja unaimaliza kwenye matao ya magurudumu bila kumuita mchomeleaji. Sasa linganisha na chesisi ambazo watu hukimbilia kwa sababu zinapatikana kwa bei nafuu. Range Rover ya kwanza ya mwaka 1970 na Discovery ya kwanza ya 1989 zote ni inchi 100, yaani utapungukiwa sentimita 23. Land Cruiser ya 75 ni sentimita 298, utazidi kwa sentimita 21. Hapo fundi atakwambia, “tunakata katikati, tunaunga, tunatia bamba.” Mwenye 88, ile Land Rover fupi ya zamani, naye asidanganywe na jina: Land Rover 90 kwa kweli ina karibu inchi 93, si 90.

Naogopa chesisi ya kuunga kwa sababu inapinda kila gari linapopita kwenye bonde au tuta, na kiungo kikianza kupasuka hukioni, kiko chini ya tangi au nyuma ya tope. Mainjinia wenye vifaa vya kupima chuma wanaweza kuifanya kazi hiyo salama. Kwenye gereji zetu nyingi vifaa hivyo hakuna, na gari linabeba familia.

Ukishapata chesisi, usiamini macho, hasa kama gari lilipinduka au liligongwa. Iweke juu ya stendi nne kwenye sakafu ya zege, uisawazishe kwa pimamaji. Chukua timazi, ile ya waashi, uiteremshe kutoka kwenye matundu yanayofanana kushoto na kulia: ya mbele, ya katikati, ya nyuma. Kila inapogusa, weka alama ya chaki. Kisha piga futikamba kwa mshazari, mbele kushoto hadi nyuma kulia, halafu kinyume chake. Mishazari miwili ikilingana, chesisi imenyooka kwa upande. Ikitofautiana kwa milimita chache, rudia kupima. Tofauti ikibaki na kuzidi sentimita moja, mimi siichukui. Kisha pima na urefu kutoka sakafuni, maana chesisi inaweza kuwa sawa kwa mshazari na bado imejinyonga. Kazi hii inachukua muda na haionyeshi kitu, na hapo ndipo tatizo lilipo. Mafundi wetu wana mikono mizuri mno, ila mteja huwalipa kwa anachokiona. Mwambie fundi tangu mwanzo kwamba utalipia upimaji peke yake, na umlipe kabla hajafungua bolti hata moja. Utaona anavyopima kwa utulivu.

Bodi yenyewe inapangwa kuanzia kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Watu wengi huanza na bampa au na bodi ya nyuma kwa sababu ni kubwa, kisha wanashangaa milango haifungi. Ukuta huo ndio unaobeba bawaba za milango, pedali, usukani na kioo cha mbele. Kwenye 109 ni wa chuma, tofauti na bati za alumini zilizouzunguka, na huoza kwenye miguu yake na pale dereva anapoweka viatu. Utengeneze kwanza. Kabla ya kuunyanyua, funga vyuma vya pembe kati ya nguzo zake ili usifunguke wala kujikunja. Ukishaukalisha kwenye mabawa ya chesisi, yale yaliyotokeza ubavuni kubeba bodi, kaza bolti kwa mkono tu. Fuata na sanduku la viti, kisha bodi ya nyuma, kisha tundika milango yote, ufunge na kufungua. Nafasi kati ya mlango na nguzo ikiwa sawa juu na chini, ndipo uweke fremu ya rejeta na madigadi. Vishikio vipya vichomelewe kwa nukta kwanza. Kuchomelea kamili kunakuja mwisho kabisa, milango ikiwa mahali pake.

Kwenye kuchomelea, toa nyaya za betri na za alteneta, na shika waya wa ethi karibu kabisa na unapochoma. Tangi liondoke kabisa, si kufunikwa kwa gunia. Kishikio kikae ubavuni mwa chesisi. Epuka kuchoma mstari wa kukatisha juu au chini ya boksi, maana ufa hupenda kuanzia hapo. Na kila mahali alumini inapokutana na chuma, paka rangi pande zote mbili na weka mpira katikati. Vikigusana penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa, inageuka unga mweupe.

Magurudumu yatatokeza nje. Ekseli za 110 ni pana kuliko za 109 kwa sentimita 15 hadi 18, na kiwandani 110 ilitoka na kofia za plastiki juu ya matairi kwa sababu hiyohiyo. Zinunue. Bila hizo mawe yatampiga aliye nyuma yako.

Usukani ndio uliofanya nikae muda mrefu zaidi chini ya gari. 109 inapitisha nguvu kwenye kifaa kilichosimama ndani ya chuma cha mbele cha chesisi. 110 ina stering boksi iliyofungwa ubavuni mwa chesisi. Kwa hiyo fimbo ya usukani haitaelekea ilikoelekea zamani. Chukua fimbo ya 110 pamoja na krosi zake mbili, vile viungo vinavyoiruhusu kupinda, na hakikisha krosi hizo zimepangwa kwa mwelekeo mmoja, la sivyo usukani utakuwa mwepesi, mara mzito, kadiri unavyouzungusha. Usikubali fimbo ya kuunga. Baada ya kufunga, inua mbele kwa jeki, zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho huku mwenzako akiangalia kama kuna kinachogusa mpira wa breki. Giaboksi ya gia tano nayo huweka kigingi chake cha kubadilishia gia nyuma zaidi kuliko ya zamani, hivyo tumia sanduku la viti na kifuniko cha giaboksi vya 110 hiyohiyo badala ya kutoboa vya zamani.

Nyaya sitazungumza sana: tumia za 110 zote. Kama bodi yako ni ya miaka ya 1950 au ya mwanzo wa 1960, ilifungwa chanya ya betri kwenye bodi, wakati 110 ni hasi, na redio ya zamani ukiiunga hivihivi inaweza kuungua.

Makaratasi yashughulikie mapema. Kadi ya gari inabeba namba ya chesisi, kwa hiyo mbele ya sheria gari lako sasa ni 110, hata kama sura ni ya 1972. Usinunue chesisi isiyo na kadi, na usimruhusu mtu yeyote kusaga namba au kuhamisha kibati cha namba cha gari la zamani. Hapo umeingia kwenye jinai. Nenda TRA, mamlaka ya mapato inayosajili magari, uulize utaratibu kabla ya kazi kuanza, na bima waeleze ukweli wote, kwa maandishi.

Gari likishasimama kwa magurudumu yake, liache na mzigo usiku kucha kisha upime tena urefu wa pembe zote nne. Endesha wiki ya kwanza kwenye barabara ya vumbi, polepole, na kaza upya bolti zote za bodi, za ekseli na za stering boksi. Baada ya hapo rudia kukaza kabla ya safari ya kwanza ndefu, ukiwa na tochi, ukikagua kila kishikio ulichochomelea kama rangi yake imepasuka.