Kabla hujawa bingwa wa picha za moyo

Wiki iliyopita nimepata barua niliyoisubiri sana: makala yangu ya utafiti imekubaliwa na jarida. Majarida matatu yalikuwa yameshaikataa, na mara zote tatu nililia. Siku hiyohiyo ukaingia ujumbe wa daktari tarajali kutoka Mbeya: “Shikamoo Dokta. Nataka kuwa bingwa wa moyo, nifundishe chuoni, nibobee kwenye eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti. Nianzie wapi?”

Marahaba, mdogo wangu. Kusomea magonjwa ya ndani miaka 3, kisha moyo miaka 2, hayo unayajua. Mimi nikusimulie siku moja tu.

Nikiwa bado mwanafunzi alikuja mzee mmoja, akipanda ngazi pumzi inamwishia, na alishawahi kuzimia. Nikamlaza ubavu wa kushoto, nikapaka jeli, nikaweka probu, kile kifaa cha mkononi cha mashine ya eko, chini ya titi. Nikapima kasi ya damu kwenye valvu ya aota, mlango wa kutokea damu kwenda mwilini; mlango ukisinyaa, kasi hupanda. Ilikuwa mita 3.1 kwa sekunde. Nikaandika “imesinyaa kwa wastani,” nikajiona mtaalamu.

Mwalimu wangu akaisoma ripoti, akauliza, “Umemgeuza?” Akamlaza ubavu wa kulia, akachukua probu ndogo ya penseli, ile isiyotoa picha, akaigusisha kulia kwa mfupa wa kidari. Akafumba macho, akawa anasikiliza. Sauti ikapanda taratibu, ikawa nyembamba kama filimbi. Mita 4.4. Kuanzia mita 4 tunasema imesinyaa vibaya. Dopla, yaani kupima kasi ya damu kwa mawimbi ya sauti, husoma kasi kamili pale tu mwale wa probu unapofuata mkondo wa damu. Ukienda mshazari, namba inashuka. Mzee yule angerudi nyumbani na ripoti yangu mkononi. Ile sauti naisikia hadi leo.

Kwa hiyo kaa na mashine. Geuza mgonjwa, tafuta dirisha jingine, yaani sehemu nyingine ya kifua ya kuweka probu, pima tena. Nimesema pima tena!

La pili bado linaniuma. Miezi kumi na minne, kila jioni baada ya kazi, nilikusanya picha za watoto ambao valvu zao zimeharibiwa na homa ya rumatiki, ile inayofuata maambukizi ya koo. Makala ikatoka, jina langu halimo. Nikaambiwa mimi “nilisaidia kupiga eko.” Ndugu zangu, kubalianeni nani ataandikwa na nafasi ya ngapi kabla hamjampima mtoto wa kwanza, tena kwa maandishi. Kumheshimu mkubwa si kumpa jasho lako. Nanyi mliokwisha kuwa maprofesa, waandikeni hawa vijana! Anayeshika probu saa kumi na mbili jioni, wenzake wameshapanda daladala, naye ni mtafiti.

Mdogo wangu wa Mbeya, ukipata likizo njoo Jumanne, siku ya kliniki ya valvu. Tunaanza kuita wagonjwa saa moja na nusu asubuhi. Probu ya penseli iko droo ya juu. Utaanza na hiyo, skrini nitaizima.